Suzuki GSX-R750 K6 na K7: injini haina neno, anza na masta ya breki

Muuzaji wa GSX-R750 ya mtumba atakuanzia na injini. Atapiga swichi, atavuta mafuta mara mbili, mlio utapanda, na roho yako itakuwa imeshanunua. Mwache aringe, maana kwenye injini hadanganyi sana. Silinda nne, pistoni za milimita 70.0, mwendo wa milimita 48.7, mbano wa 12.5 kwa 1, nguvu za farasi zipatazo 150, yote hayo kwenye pikipiki yenye uzito mkavu wa kilo 163. Ikipewa oili safi, injini ya K6 (2006) na K7 (2007) ndiyo ya mwisho kuharibika. Kinachowaangusha wenye pikipiki hii ni vitu vidogo wasivyoviangalia: mafuta ya breki yaliyozeeka, rektifaya (kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji betri), na soketi za waya zilizoungua. Kwa hiyo tathmini hii imeanza huko na kukaa huko.

Breki za mbele kwanza. Oktoba 2013 Suzuki iliita pikipiki za GSX-R zirudi kwa sababu ya masta ya breki ya mbele, yaani kifaa cha kwenye usukani kinachosukuma mafuta unapokaza breki: 600 na 750 zote za mwaka 2004 hadi 2013, na 1000 za 2005 hadi 2013. K6 na K7 zimo. Tatizo lilikuwa hivi: pistoni ndogo iliyo ndani ya masta haikupewa ngozi ya kinga ya kutosha. Mafuta yakikaa miaka bila kubadilishwa hunyonya unyevu na kuchoka, pistoni inaanza kuoza, na katika kuoza huko inatoa gesi ya haidrojeni. Tundu la kikopo cha mafuta kwenye masta hizi liko ubavuni, basi gesi haipandi ikatoka vizuri yenyewe. Inabaki ndani. Unashika breki, mkono wa breki unakuja mbali kuliko jana, na pikipiki haisimami ulipotarajia.

Pikipiki iliyopita mikono minne, ikashushwa bandarini Mombasa au Dar es Salaam, mara nyingi haiji na karatasi ya kuonyesha kama kazi hiyo ilifanywa. Chukua namba ya chesisi, muulize wakala wa Suzuki. Ukikosa jibu, chukulia kwamba haikufanywa, na ukague mwenyewe.

Ukaguzi hauhitaji gereji. Kaza mkono wa breki kwa nguvu zako zote, ushikilie kwa nusu dakika. Mkono ukizama taratibu kuelekea mpini, raba za ndani zinapitisha mafuta. Ukiwa laini kama sifongo halafu ukakaza baada ya kupampu mara tatu nne, kuna hewa au gesi. Na ujue mbinu ya mjini: mkono wa breki ukifungwa kwa mpira usiku kucha, asubuhi unakuwa mgumu kwa saa kadhaa hata kama mfumo ni mbovu. Ndiyo maana jaribio la dakika moja asubuhi halitoshi. Endesha nusu saa, breki zipate moto, kisha rudia.

Fungua na kifuniko cha kikopo. Mafuta mazuri ya DOT 4 yana rangi ya manjano hafifu. Yakiwa kama chai ya rangi, yamepita muda. Ukikuta tope la kijivu chini ya kikopo, hiyo si taka ya barabarani, ni metali ya ndani inayoisha. Hapo usibadilishe mafuta tu ukaona umemaliza. Masta ishushwe, pistoni na raba zake zibadilishwe kwa seti mpya, na tundu lisafishwe kwa mafuta ya breki mapya. Petroli usiiguse kabisa, inavimbisha raba. Pitisha ukucha ndani ya tundu: ukikwama kwenye kishimo, masta hiyo haikarabatiwi, inanunuliwa nyingine.

Kutoa upepo kwenye breki kuna mpangilio wake. Anza juu: kaza mkono, legeza kidogo bolti ya bomba pale kwenye masta ukiwa umeizungushia kitambaa, funga kabla hujaachia mkono. Rudia mpaka vipovu viishe. Halafu shuka kwenye kalipa, zile zinazobana diski, moja baada ya nyingine. Washa za shaba za bolti ya bomba ziwe mpya, na bolti ikazwe 23 N·m (kipimo cha nguvu ya kukaza, kwa spana ya kupimia). Bolti za kushikilia kalipa ni 39 N·m. Chupa ya nusu lita inatosha kusafisha mbele na nyuma. Usimwage kwenye tangi, rangi itababuka. Ikimwagika, osha kwa maji hapohapo. DOT 5 ya silikoni haiingii humu hata kidogo.

Kitabu cha Suzuki kinasema mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Kwa mtu wa Tanga, Mombasa, Unguja au Muscat, ambako hewa yenyewe ina maji na chumvi, mwaka mmoja ndio mwisho. Ni kazi ya saa moja na chupa moja ya mafuta, na ndiyo kinga ya kweli dhidi ya ugonjwa huu, hata kwa pikipiki iliyokwisha kuwekewa pistoni mpya.

Diski za mbele ni za milimita 310 na kalipa zina pistoni nne kila moja. Nguvu ya breki, mfumo ukiwa mzima, haina lawama. Unene wa mwisho unaoruhusiwa umegongwa kwenye diski yenyewe, kwa hiyo nenda na kipimo, usikisie kwa jicho.

Sasa umeme, mahali ambapo mafundi wengi huchoma pesa za wateja. Dalili huanza kwa upole. Saa ya kwenye dashibodi inarudi sifuri unapopiga stata, taa zinafifia, halafu siku moja kwenye foleni injini inakatakata na kuzima. Fundi anauza betri. Wiki tatu baadaye betri mpya nayo imekufa. Betri haikuwa na kosa.

Kwenye GSX-R chaji inatoka kwenye koili ya magneto, iliyo nyuma ya kifuniko cha kushoto cha injini, inakwenda kwa nyaya tatu hadi kwenye rektifaya, kisha betri. Rektifaya ya kiwandani ni ya aina inayobana umeme wa ziada kwa kuurudisha kwenye koili. Maana yake koili inafanya kazi kwa nguvu zote muda wote, hata kama taa moja tu inawaka, na ziada yote inageuka kuwa joto. Joto linalegeza vibano ndani ya soketi, vibano vilivyolegea vinaongeza joto, na mwishowe plastiki ya soketi inakuwa ya kahawia na kuyeyuka. Ukiona soketi ya namna hiyo kwenye nyaya tatu, umeshapata nusu ya jibu kabla hujatoa multimita.

Vipimo vyenyewe vifanywe kwa utaratibu huu. Betri iwe imechajiwa kikamilifu, maana betri mbovu inapotosha kila kipimo. Washa injini, iache ipate joto, weka multimita kwenye vichwa vya betri, taa kubwa ikiwa inawaka, panda hadi mizunguko 5,000 kwa dakika. Unatafuta volti 14 hadi 15. Ikibaki chini ya 13.5, chaji haitoshi. Ikipita 15.5, rektifaya imeacha kubana na inachemsha betri.

Chaji ikiwa haitoshi, zima, chomoa soketi ya nyaya tatu. Washa tena, weka multimita kwenye umeme wa AC, na upime kila jozi: ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya kwanza na ya tatu. Kwenye mizunguko 5,000, kila jozi itoe zaidi ya volti 65, na zote tatu zikaribiane. Jozi moja ikiwa chini mno, koili imeungua. Zima, pima pia kati ya kila waya na bodi ya pikipiki: pasiwe na mawasiliano kabisa. Yakiwepo, koili imegusa bodi, na hakuna rektifaya itakayoiponya. Koili ikifaulu yote, rektifaya ndiyo mbovu.

Usinunue rektifaya ya bei ya kutupa isiyo na jina. Wanaoijua kazi hii huweka Shindengen FH020AA, inayotoa joto dogo kuliko ile ya zamani, au SH847, inayokata umeme wa ziada badala ya kuubana, hivyo koili nayo inapumua. Zote mbili ni kubwa kuliko ya kiwandani, kwa hiyo panga mahali penye upepo kabla hujakata waya. Soketi iliyoungua ikatwe itupwe. Weka soketi mpya isiyopitisha maji, vibano vibanwe kwa koleo yake, si kwa meno ya plaizi. Kuna bosi mmoja katika kila mtaa atakayesema azisokote tu nyaya na kuzifunga selotepu. Mkatalie kwa heshima.

Kama chaji ni nzuri lakini betri inakufa pikipiki ikiwa imelala, kuna kitu kinakunywa. Swichi ikiwa imezimwa, chomoa waya hasi wa betri, weka multimita katikati kwa kipimo cha miliampea. Suzuki inataka chini ya miliampea 3. Alamu ya dukani au kifaa cha kufuatilia pikipiki kilichofungwa ovyo kinaweza kuzidisha hapo mara kadhaa, na pikipiki ya mbio inayotoka Jumapili kwa Jumapili haina muda wa kurudisha ilichopoteza.

Taa ya FI, ya mfumo wa kupuliza petroli, ikiwaka, usikubali fundi abashiri. Kompyuta ya K6 inasema yenyewe. Chini ya kiti kuna soketi nyeupe ya ukaguzi isiyounganishwa na kitu; unganisha matundu yake mawili kwa kipande cha waya, washa swichi, na dashibodi itaonyesha herufi C na namba. C00 ni salama. C12 ni sensa ya krenki, C14 sensa ya mkao wa koo la hewa, C23 sensa ya kuanguka, C24 hadi C27 ni koili za plagi, C28 ni mota ya vipepeo vya pili vya koo la hewa, C41 pampu ya petroli, C46 ni mota ya valvu ya ekzosi. C46 ndiyo huonekana sana kwenye pikipiki zilizobadilishwa ekzosi, kwa sababu mtu ametoa valvu akaacha mfumo unaitafuta. Si ugonjwa wa injini, lakini inaficha makosa mengine yanayowasha taa ileile. Kando ya C00 kuna kistari kidogo. Injini ikiwa na joto na ikizunguka yenyewe kwa mizunguko 1,200, kistari kikae katikati. Kikiwa juu au chini, sensa ya koo la hewa imesogezwa, na ndiyo sababu pikipiki inaruka ruka unapoanza kufungua mafuta.

Tapeti, yaani kupima nafasi kati ya kamshafti na valvu, ni kila kilomita 24,000, na hii ndiyo huduma inayorukwa kuliko zote kwa sababu ni ndefu: tangi linatoka, boksi la filta ya hewa linatoka, koili za plagi, kifuniko, halafu valvu 16. Wengi husubiri wasikie kelele ndipo wapime. Kwa injini hii mantiki hiyo ni kinyume. Valvu zinavyochimba viti vyake, nafasi inapungua, na nafasi ikipungua kelele nayo inapungua. Injini inakuwa kimya huku ikielekea kuungua valvu. Dalili ya kweli ni kuwaka kwa shida asubuhi na kukosa utulivu kwenye mizunguko ya chini.

Pima ikiwa baridi kabisa, yaani imelala usiku mzima. Valvu za kuingiza ziwe kati ya milimita 0.08 na 0.18, za kutoa kati ya 0.18 na 0.28. Marekebisho ni kwa visahani vidogo vya kipenyo cha milimita 7.48, vinavyopatikana kuanzia unene wa 1.20 hadi 2.20 kwa hatua za 0.05. Hesabu yake: unene wa zamani, jumlisha nafasi uliyopima, toa nafasi unayoitaka. Mfano, valvu ya kutoa imepimwa 0.13, unataka 0.23, na kisahani kilichomo ni 1.75. Basi 1.75 na 0.13 ni 1.88, toa 0.23, inabaki 1.65. Kisahani pima kwa maikromita. Namba iliyoandikwa juu yake ni ya siku kilipokuwa kipya. Ziba kila tundu kwa kitambaa safi kabla hujanyanyua chochote, maana kisahani kikidondoka kwenye njia ya cheni ya kamshafti, kazi ya saa nne inakuwa ya siku mbili.

Kosa linaloua injini hapa ni moja: kurudisha kamshafti bila kutoa na kurudisha nyuma kikaza cheni. Cheni inaruka jino, fundi anapiga stata, valvu inagongana na pistoni. Baada ya kufunga, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili kwa spana. Ikikataa popote, simama, usilazimishe.

Yaliyobaki ni ya kawaida. Oili 10W-40 yenye alama ya JASO MA (ya pikipiki ambazo klachi inafanya kazi ndani ya oili) kila kilomita 6,000. Kwa pikipiki inayokaa foleni, fanya 4,000. Oili ya gari yenye vilainishi vya kupunguza msuguano inatelezesha klachi. Filta ya oili ni HF138. Kitabu kinaruhusu ikae hadi 18,000, lakini ni ya bei ndogo, ibadilishe kila mara. Nati ya kumwagia oili 23 N·m, si zaidi, bakuli la chini ni la alumini na nyuzi zake zinakatika kirahisi. Plagi NGK CR9E, pengo la milimita 0.7 hadi 0.8, zikazwe 11 N·m, mpya kila 12,000. Pampu ya maji ya kuoshea magari isielekezwe juu ya injini: maji yanaingia kwenye visima vya plagi na silinda moja inaacha kuchoma.

Rejeta inahitaji neno zaidi kwa ajili ya miji yetu. Feni inawaka kipimo kikifika karibu nyuzi 105, na katika foleni ya mchana utaliona joto hilo kila siku. Si ubovu. Ubovu ni feni kutowaka, au matundu ya rejeta kujaa udongo na kupindwa na mawe, maana iko wazi nyuma ya tairi la mbele. Weka wavu. Ndani weka kulanti inayofaa alumini, nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Maji ya bomba, na zaidi ya kisima, huacha magadi kwenye njia nyembamba, na hayo hutayatoa tena kirahisi.

Cheni ni namba 525, sproketi 17 mbele na 45 nyuma, ulegevu milimita 20 hadi 30, ekseli ya nyuma 100 N·m. Pima ulegevu sehemu tatu nne za cheni. Sehemu moja ikikaza na nyingine ikilegea, cheni imekwisha, usiirekebishe. Tairi 120/70 mbele na 180/55 nyuma, za inchi 17, upepo PSI 36 mbele na 42 nyuma. Soma tarehe ubavuni: tarakimu nne, wiki na mwaka. Tairi la miaka minane lenye kashata nzima ni zuri kwa kupigia picha.

Wauzaji wengine huchanganya habari: fremu zilizopasuka na kuitwa zirudi zikawekewa bamba la kuimarisha ni za GSX-R1000 ya 2005 na 2006, si za 750. Usiombe kupunguziwa bei kwa sababu hiyo, wala usikubali kuongezewa bei kwa sifa za matoleo ya baadaye. Kuchagua ramani za nguvu kwa swichi kulikuja 2008, na kalipa za Brembo zilikuja 2011.

Gia ya pili ndiyo isiyofichika na isiyosameheka. Waliozoea kunyanyua gurudumu la mbele na kupiga gia bila klachi huila kwanza. Ukiwa barabara tupu, weka gia ya pili, anza mizunguko 6,000, fungua mafuta yote hadi 10,000, funga ghafla, fungua tena. Ikitoka yenyewe kwenda nyutro, hata mara moja, injini inapasuliwa ili kufikia gia. Hapo bei uliyoambiwa haina maana tena. Kisha nyanyua mbele kwa stendi, zungusha usukani polepole kutoka kushoto hadi kulia: ukihisi kishimo katikati kabisa, beringi za shingo nazo zimekula pigo la gurudumu kushuka.

Na ukifika kwa muuzaji ukagusa injini ukaikuta tayari ina moto, mwambie aizime. Rudi kesho asubuhi uiwashe mwenyewe ikiwa baridi, masikio karibu na silinda, multimita mkononi.